Mche wa Chini ya Dirisha

Fundi saa alianza kuuchukia ule mche siku alipomwona mkewe anaupangusa majani kwa upindo wa kanga. Yeye mwenyewe hajawahi kupanguswa hata jasho. Kila asubuhi mke aliutilia maji kwa kikombe, pale chini ya dirisha la chumba chao, akitabasamu peke yake.

“Mti gani huo?”

“Utaujua ukizaa,” mke alijibu.

Roho ikamuuma. Nani kamletea? Bila shaka yule fundi cherehani wa jirani, mwenye maua hadi kwenye makopo ya rangi na salamu nyingi kuliko wateja. Mke alipokwenda kwa dada yake, fundi saa aliung'oa mche, akauviringisha kwenye gazeti, akaupeleka kwa mama muuza miche, akamweleza ulikotoka, chini ya dirisha la chumba.

Mama alisugua jani, akanusa. “Mstafeli. Na haukupandwa huu, umejiotea tu. Nani kwenu anakula stafeli dirishani na kutema mbegu nje?”

Fundi saa aliurudisha mche kwenye gazeti. Mla stafeli nyumbani ni mmoja tu, naye ni yeye.

Alirudi mbio akaufukia tena, lakini majani yalikuwa yamelegea. Mke alipofika aliutazama mche, akautazama na udongo kwenye kucha za mumewe.

“Fundi cherehani aliniomba auhamishie kwake,” alisema polepole. “Nikamkatalia. Nikamwambia huu siutoi, kautema mume wangu.”