Malori Yanayotazama Mteremko

Siku Kitinda alipopata leseni ya malori makubwa, ukoo mzima uliugua ugonjwa wa kujua kila kitu. Mjomba wake, ambaye hajawahi kusukuma hata toroli likaenda alikotaka, ndiye aliyeugua kuliko wote. Aliingia sebuleni bila hodi, akachagua kiti kizuri, akavuta suruali magotini isije ikapoteza mstari wa pasi, kisha akatangaza:

"Kazi imepatikana."

"Umepata kazi, kaka?" akauliza mama yake Kitinda. "Mungu mkubwa. Maana wewe tulishakukatia tamaa."

"Siyo mimi! Mtoto!"

Mtoto mwenyewe alikuwa jikoni anaosha vyombo, akatoka mbio na povu mikononi. Alikuwa kitindamimba wa nyumba hiyo, ndiyo maana jina la Kitinda likamganda. Aliposema atasomea kuendesha malori, mama alilia, majirani wakacheka, naye akasoma hivyo hivyo mpaka akamaliza. Malori mama alishayazoea. Asichokizoea ni haraka ya binti yake. Yule mtoto alitaka kushika usukani jana, wala siyo kesho.

Na kazi nyingine ilikuwepo. Nyuma ya soko kulikuwa na yadi ya mtu mmoja waliyemwita Kipara, mwenye malori ya zamani yaliyochujuka rangi mpaka hujui yalikuwa bluu au kijani. Kitinda alikuwa ameshakwenda kumwona. Kipara hakuinua hata macho kwenye gurudumu alilokuwa akilipaka grisi.

"Utakaa pembeni ya dereva wangu," alisema. "Asubuhi unakagua nati na matairi. Unajifunza kufunga turubai. Usukani utashika nikisema. Na mimi sisemi upesi."

Kitinda alirudi nyumbani amevimba kama andazi. "Nimesomea udereva, mama. Turubai ni la kusomea?"

Sasa mjomba alikuwa ameleta dawa ya uvimbe huo. Kulikuwa na bosi rafiki yake, ingawa bosi mwenyewe huenda hakujua kwamba ni marafiki, mwenye malori yanayong'aa kama sahani za harusi. "Pale hakuna kukalishwa pembeni," mjomba akasema. "Unafika leo, unapewa ufunguo leo. Anapenda vijana wapya. Wazoefu hawataki kabisa!"

"Yeye hawataki wao, au wao hawamtaki yeye?" mama akauliza.

"Dada, mambo ya malori huyajui."

"Ni kweli. Kesho nitakwenda niyajue."

Kitinda akashika kichwa. "Mama, jamani! Nani anakwenda kuomba kazi na mama yake? Watanicheka!"

"Siombi kazi mimi. Nasindikiza. Au barabara imekuwa ya kwako?"

Basi kesho yake wakaenda watatu, mjomba mbele akitembea kama mwenye yadi, Kitinda katikati akiomba asionekane, na mama nyuma na mkoba wake kwapani.

Yadi ilikuwa juu ya mteremko. Ukutani walichora lori lenye mabawa ya ndege, na dereva wake anacheka meno yote nje. Ofisini kulikuwa na makochi ambayo bado yamevaa nailoni za dukani, maua ya plastiki, na harufu ya manukato iliyokufikia mlangoni kabla ya salamu. Mwenye harufu alikuwa Bosi. Alivaa viatu vyeupe, na mama alivitazama kwa makini. Katika yadi yote ile yenye madimbwi ya oili, viatu vile havikuwa na doa. Mtu huyu, mama akawaza, anatembea kwenye mali yake kama paka anayeogopa maji.

"Mama! Karibu sana!" Bosi akampokea kwa mikono miwili. "Umezaa simba!"

"Nimezaa msichana. Yule pale."

"Dereva wa kike! Tutampiga picha mlangoni mwa lori, tuibandike pale getini, mji mzima umjue. Kwetu dereva ni mfalme!"

Mjomba akacheka sana, ijapokuwa hapakuwa na kichekesho. Kitinda naye alianza kulegea. Mama aliona mabega ya binti yake yakipanda, yule mtoto anavishwa kilemba cha ukoka na kinamkaa vizuri kichwani. Mlangoni alikuwa amesimama kijana mwingine, aliyesoma udereva na Kitinda, wakimwita Mrefu, naye amekuja kutafuta kazi hiyo hiyo. Aliyameza maneno ya Bosi kama maji ya baridi.

Wakatoka kuliangalia lori. Lilipakwa rangi nyekundu, ukisogea karibu unaona brashi ilipopita juu ya kutu.

"Aliyekuwa akiendesha hili yuko wapi?" mama akauliza.

"Aah, yule." Bosi akapunga mkono wenye pete. "Alilala kwenye usukani. Tukaachana naye."

"Na lile kule lililobonyea uso?"

"Yule naye alilala, mama. Vijana wa siku hizi wanapenda usingizi."

"Kumbe hii ni yadi au bweni?"

Mrefu akaangua kicheko, kisha akakimeza alipoona Bosi hacheki. Mjomba akamfinya dada yake kiwiko. Mama akakitoa kiwiko.

Alikuwa ameona jambo lingine. Malori yote ya pale yaliegeshwa pua zikitazama chini ya mteremko, na kila moja limewekewa mawe makubwa mbele ya matairi. Hakuna hata moja lililotazama kwingine.

"Mbona yote yamelala yakitazama bondeni?"

"Mpangilio tu," Bosi akajibu. "Mteja akiingia anaona sura."

"Mpangilio wa kisasa," mjomba akaongeza, maana hawezi kuona uongo akauacha peke yake.

Wakati huo huo fundi mmoja alikwenda kwenye lori la mwisho, akapiga mawe teke yakatoka, akaruka ndani. Lori likateremka kimyakimya hatua kadhaa, likakohoa, likatetemeka, likatoa moshi mweusi, likawaka. Mama hakuwa fundi, lakini jirani yake alikuwa na gari la namna hiyo, kila asubuhi mtaa mzima unaitwa kulisukuma kama linakwenda kuzikwa. Na lililomtia baridi hasa ni mawe. Gari likikataa kuwaka, utachelewa. Gari linalolindwa na mawe lisiondoke lenyewe, hilo ni jambo jingine.

"Panda, malkia," Bosi akamwambia Kitinda, akamwekea ufunguo mkononi. "Mzigo tayari uko juu. Uteremke nao, unyooke."

Kitinda akapanda. Mama alimtazama akikaa, akigusa usukani kama anayegusa uso wa mtoto mchanga, na moyo wake ukamwuma, maana furaha ile ilikuwa ya kweli, iliyowekwa mahali pa kishenzi. Kisha Kitinda akainama. Pale mbele ya usukani, taa ndogo ndogo zilizibwa kwa vipande vya tepu nyeusi.

"Bosi, hizi taa mbona zimezibwa? Hii si ya breki?"

"Zilikuwa zinasumbua macho usiku."

"Lakini tulifundishwa kwamba ikiwaka..."

"Wewe ni dereva au ni fundi? Dereva anaendesha!"

Kitinda hakuwasha gari. Mama akajua kwamba akimkataza sasa hivi, mbele za watu, yule mtoto ataondoa lori kwa hasira tu. Haraka yake aliijua, alimnyonyesha mwenyewe. Kwa hiyo hakumwambia neno binti. Alimgeukia Bosi, akatabasamu kama anayeomba chumvi.

"Baba, nina ombi dogo. Huyu ndiye mtoto wangu wa mwisho, na leo ndiyo siku yake ya kwanza. Panda ukae pembeni yake. Mteremke pamoja mpaka pale chini barabarani, mrudi. Halafu mimi nitakwenda nyumbani nilale."

Bosi akacheka. "Mama bwana!"

"Ni pale tu. Hata viatu havitachafuka."

Bosi akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni. Haikuwa imelia. "Eeh? Naam, nakuja," akaiambia.

"Basi kaka, panda wewe," mama akamgeukia ndugu yake. "Si rafiki yako? Si mpangilio wa kisasa?"

"Mimi... kiuno hiki, dada. Unajua mwenyewe. Ngazi ile ni ndefu."

"Jana ulicheza ngoma kwa jirani mpaka wakakushika."

Mrefu akacheka tena. Hapo Kitinda akatoa kichwa dirishani. Sauti yake haikuwa ya malkia wala ya simba, ilikuwa ya mtoto anayeuliza jambo na anaogopa jibu.

"Bosi, ni dakika moja tu. Panda twende."

Uso wa Bosi ukabadilika, kama pazia limeanguka na nyuma yake hakuna chumba. "Sikiliza, binti. Mimi nina watu wa kupanda malori. Unaendesha au huendeshi?"

Kitinda akamtazama. Akatazama mawe chini ya matairi. Akachomoa ufunguo, akashuka ngazi taratibu, akamrudishia mkononi.

"Tafuta mtu wa kupanda," akasema.

Bosi hakuhitaji kutafuta. Mrefu alishafika, mkono umenyooshwa. "Nipe mimi, Bosi! Huyu mwache akae na mama yake. Nenda, Kitinda wa mama, nenda ukanyonye!" Akapanda, akapigwa picha mlangoni, meno yote nje kama yule wa ukutani. Fundi akapiga mawe teke. Mama alisimama pale mpaka lori likafika chini na kukunja kona, ndipo akagundua kuwa alikuwa amekanyaga ardhi kwa mguu wa kulia muda wote huo, kama kwamba breki iko chini ya kiatu chake.

Njia nzima ya kurudi Kitinda alitangulia mbele. Mjomba alisema mengi, kwamba wameaibishwa, kwamba bahati imekuja kwa miguu ikafukuzwa. Walipofika njia panda, Kitinda hakukata kwenda nyumbani. Alishika ile ya sokoni.

Kipara alikuwa chini ya lori. Alimtambua kwa viatu.

"Umerudi. Turubai lile pale."

Mama hakumpenda Kipara, na hata leo hampendi. Ni mtu mkavu, hana salamu, na viganja vya Kitinda vilitoka malengelenge kwa kamba zake. Lakini siku moja mama alipompelekea binti yake sweta, aliona lori limetoka matengenezo. Kipara akapanda mwenyewe, akamwamuru fundi aliyelitengeneza akae pembeni, wakapanda kilima na kushuka wakifunga breki kila mahali, ndipo akashuka akampa dereva ufunguo. "Desturi yake," Kitinda akasema. "Fundi hapa hafungi nati kwa kubahatisha. Anajua atalikalia." Mama akamwachia sweta, akaenda zake. Kumsifu mtu mkavu hivyo ni kazi, lakini usiku ule alilala.

Mjomba ndiye aliyeleta habari, na safari hii alibisha hodi. Lori jekundu lilikuwa limeteremka asubuhi hiyo kutoka yadi ile, likapita geti, likavuka barabara, likaingia katika ukuta wa kiwanda cha matofali. Mrefu alikuwa ndani yake. Yu hai, lakini miguu.

Walimkuta hospitali, miguu yote imening'inizwa, uso wa njano. Mama yake, mwanamke mdogo mwenye khanga iliyofifia, alikuwa ameketi pembeni anamshika kidole. Upande wa pili amesimama Bosi na viatu vyake vyeupe.

"Ndiyo hivyo, mama," alikuwa akisema. "Tunasikitika. Lakini kijana alilala kwenye usukani."

"Sikulala," Mrefu akasema. "Nilikanyaga. Nilikanyaga breki ikaingia mpaka chini."

"Pumzika, pumzika," Bosi akamwambia, akatazama saa, akamuaga kila mtu kwa heshima, isipokuwa mmoja. Mama yake Kitinda alikuwa amesimama mlangoni na hakusogea, ikambidi Bosi apite ubavu ubavu.

"Asubuhi," mama akamwambia, "mtoto ametoka kunywa chai, hajafika hata getini, eti ameshalala. Usingizi wa yadi yako ni mkali sana, baba."

Bosi akaongeza mwendo. Viatu vyake vikasikika kwenye sakafu mpaka vikaisha.

Mama yake Mrefu akainua uso. "Wanasema wewe ulimkatalia wako. Ulijuaje?"

"Sikujua kitu, dada yangu. Nilimwambia tu Bosi apande yeye."

Mwanamke yule akakunja na kukunjua pindo la khanga. "Mimi nilitaka kumsindikiza," akasema mwishowe. "Akaniambia ni aibu."

Kitinda akageuza uso ukutani. Juu ya kitanda manukato yalikuwa bado yametanda, mazito, kama mwenyewe hajaondoka. Mama akaweka mkoba wake chini, akaenda kufungua dirisha.