Coletha Hakujitoa

Xaveria alifika mkutanoni na gauni lake la kanisani. Walioalikwa walikuwa wagonjwa wa utafiti na ndugu zao, na mdogo wake, Coletha, alikuwa mmoja wa wagonjwa hao mpaka walipomzika kijijini kwao Mutuka mwezi wa nne.

Daktari Melkiori, mkuu wa utafiti, alieleza kwamba saratani yao ya matiti ni ile sugu, inayoshinda dawa moja. Ndiyo maana walijaribiwa kwa dawa mbili pamoja.

"Wengi wamezivumilia vizuri," alisema. "Watatu tu ndio waliojitoa kwa hiari yao, mmoja wao wa hapa Babati."

Damu ilimpanda Xaveria kichwani. Akasimama.

"Huyo wa Babati ni Coletha wetu?"

"Majina hatutaji, mama."

"Basi nitamtaja mimi! Mdomo wake ulijaa vidonda hata maji yakamshinda. Akaharisha siku tano. Namba mliyotupa niliipiga asubuhi, mchana, jioni, haipatikani. Nikamleta kwa bajaji, mlinzi akasema mko semina, turudi Jumatatu. Jumatatu hakuweza hata kuketi. Huko ndiko kujitoa kwa hiari?"

"Pole sana, mama. Lakini fomu inaonyesha..."

"Fomu aliijaza nani? Coletha alikuwa hashiki hata kijiko!"

Kwenye safu ya mbele akainuka muuguzi Zuwena. "Niliijaza mimi. Alikosa kliniki mara mbili, nikaagizwa niandike kwamba amejitoa."

"Na nani?" Xaveria akauliza.

Zuwena alimtazama daktari, na daktari akainama.

"Alikubali kujaribiwa ili wengine wapone," Xaveria alisema, sasa taratibu, na hiyo ilitisha zaidi. "Ninyi mkamwandika mtoro. Mkiwaficha walioumizwa, mtajuaje kipimo cha dawa kimezidi? Andika upya. Hapa, nikiona."

Daktari aliandika: dawa zilimdhuru, akatafuta msaada, hakuupata. Xaveria akamwamuru ayasome mbele ya watu wote, mara mbili.

Wiki sita baadaye Zuwena alikwenda Mutuka kumwarifu kwamba kumbukumbu zote zimepitiwa upya, na kipimo cha dawa ya pili kimepunguzwa. Xaveria alikuwa anapukuchua mahindi uani.

"Nimesikia," alisema. Hakumkaribisha kiti, wala mikono yake haikusimama.