Mkono wa Kushoto wa Asajile

Fides alitazama mchoro kwa mara ya nne. Nukta nane za siku ambazo mkono mzima wa Asajile, wa kulia, haukufungwa. Nukta kumi na mbili za siku ulipofungwa. Zile kumi na mbili zote zilikuwa juu ya zile nane. Kwa hesabu hiyo, tiba ilikuwa imefaulu kwa asilimia mia.

Hesabu ya pili, inayoondoa kasi ya kupanda iliyokuwapo tangu mwanzo, ilikataa. Namba zilipanda kabla ya kitambaa cha kumfungia, zikaendelea kupanda vilevile baada yake.

Asajile, mkulima wa Igamba, alipigwa na kiharusi mwezi Machi, mkono wa kushoto ukalegea. Fides, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimfunga wa kulia kwa muda wa saa nne kila siku ili wa kushoto ulazimike kufanya kazi. Kila asubuhi alihesabu kahawa ambazo Asajile alichuma kwa wa kushoto kwa dakika kumi, safu ileile ya mibuni.

"Daktari, nataka neno moja," alisema Asajile. "Nifungwe au nifunguliwe? Jana nimelishwa ugali kama kifaranga."

"Kifaranga gani anamaliza sahani mbili?" mkewe, Tabita, alidakia.

Fides hakucheka. "Mama, mwezi Mei alikuwa anachumaje?"

"Alikuwa anatafuta tu. Mbivu zilikuwa mojamoja, na mbichi kiwandani hawapokei, hata uwe mgonjwa. Siku hizi unafumba macho, unakinga kiganja."

Fides alikulia Mkwajuni, kwenye joto lisilootesha kahawa; hakujua kwamba huiva kidogokidogo. Wiki tatu alikuwa akipima mkono na msimu kwa pamoja, na sasa hakuna hesabu ambayo ingevitenganisha.

"Kwa hiyo?" Asajile aliuliza.

"Sijui."

"Mama Gwantwa, umesikia?" Asajile alimgeukia mkewe. "Daktari hajui!"

"Tunaanza upya," alisema Fides. "Maharage mia mbili kwenye sinia, yaleyale kila siku, utayaokota kwa wa kushoto. Leo unafunguliwa. Siku ya kufungwa tena ataiokota mama kwenye vikaratasi, nisiichague mimi."

Asajile alifungua fundo kwa meno, akanyoosha mkono wa kulia, akaunyoosha tena. Kisha akachukua kikombe cha chai. Kwa wa kushoto.

"Tangu lini?" Fides aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Hata jana," alisema Tabita. "Au juzi. Mimi sikuandika."

Fides alishika kalamu. Kwenye daftari hapakuwa na safu ya kikombe.