Faili Lililopigwa Pasi

Daktari wa usingizi alisimama mlangoni kwangu saa mbili na nusu asubuhi. "Yule mama wa upasuaji anasema alipojifungua hapa miaka kumi na mmoja iliyopita, dawa ya usingizi nusura imuue. Jina la dawa halijui. Bila faili lake simgusi, na uvimbe wake hausubiri kesho."

Niliandika jina la mgonjwa kwenye kompyuta. Hakuna. Nikageuza, ukoo kwanza. Hakuna. Mimi, karani wa kumbukumbu niliyekitundika cheti changu ukutani, nilitamani kuing'ata ile mashine.

"Kamuulize Bi Sindano kule kwenye ufuaji," akasema fundi bomba, aliyekuwa akikaza koki ukumbini na masikio yake yote kwangu.

"Natafuta faili, sitafuti shuka!"

"Kuuliza si ujinga, mwanangu. Kuna mwaka bomba lilipasuka juu ya hizo rafu zako, nikaliziba mimi. Unadhani mafaili yalianikwa wapi?"

Kwa miezi minne tangu niajiriwe nilikuwa nimeupita mlango wa ufuaji nikitazama mbele. Chai niliinywa mezani kwangu peke yangu, maana mazungumzo ya kule niliyaita umbea. Siku ile nilikwenda mbio.

Bi Sindano, mshonaji wa mashuka, hakusimamisha hata cherehani. "Leo umepotea njia?"

Nikamwamkia, nikameza kiburi, nikamweleza.

"Yalilowa chapachapa," akasema. "Tukayapiga pasi ukurasa kwa ukurasa. Ila mengine namba zake zilifutika, na mkubwa wenu wa wakati ule akakataa kuyapokea. Eti kisicho na namba hakipangiki. Basi tukayapanga kama mashuka, kila wodi na rangi yake."

Ndiyo maana hayakuingizwa kwenye kompyuta. Juu ya kabati yalikaa mabunda manne, yamefungwa kwa vitambaa. Wodi ya wazazi ilikuwa ya kijani. Niliyapekua moja moja, mpaka nikaliona jina lake, na kwenye ukurasa uliokunjamana, kwa wino mwekundu uliochujuka, jina la dawa. Lilikuwa lingali linasomeka.

Saa nane mchana daktari alichungulia. "Tulitumia dawa nyingine. Ameamka, anaulizia chakula."

Nililia palepale mezani, wala sioni haya kusema. Kisha nikakumbuka kwamba Bi Sindano anastaafu mwisho wa mwezi. Nikachukua kikombe changu na daftari, nikarudi kule.

"Umesahau nini tena?"

"Sijasahau, bibi. Nataka kujua kingine kilichomo humu ambacho sisi kule hatukijui."

Akasogeza lundo la mashuka, akanipa kigoda.

"Kaa," akasema, akiniwekea sindano na uzi mkononi. "Lakini shona. Haya mambo ni mengi, na mashuka hayajishoni."