Jana Ulikuwa Usiku wa Krimu Tupu

...jana ulikuwa usiku wa krimu tupu, juzi ndio ulikuwa wa dawa, mama analijua hilo vizuri kwa sababu nimemwambia mara nyingi, na sasa mashavu yananiwaka hata kabla sijajimwagia maji, mvuke wa hamamu peke yake unatosha kuyachoma, na Lalla Rkia, msuguaji wetu, akishamaliza mgongo wa yule mama mnene atanigeukia mimi na glavu yake, ile nyeusi inayokwaruza kama ulimi wa paka, aanzie mabegani, ashuke, halafu anishike kidevu kama kawaida yake aniambie fumba macho... "Ewe Fadwa, hujaoga tangu Ramadhani? Hapa natoa udongo wa kupandia vitunguu!" anatania Lalla Rkia, na Fadwa, yule mnene, amelala kifudifudi juu ya marumaru, anacheka mpaka mabega yanatikisika, "Wewe sugua tu, mume wangu kazoea, anadhani ndiyo rangi yangu," wanawake wote wanaangua kicheko, mama naye anacheka, ila jicho lake haliko kwa Fadwa, liko kule kwenye birika la maji ya moto alikokaa Hajja Batul, ambaye anamtafutia mwanawe mke, na hapa mjini Sefru mama wa kijana huja kutazamia hamamuni, kwenye mvuke, ambako hakuna poda wala kitambaa cha kumfichia mtu kitu. "Kaa wima," mama ananinong'oneza, "inua kidevu, anatazama." Nimeinua. Uso unauma. Nikisema Lalla Rkia usiniguse uso, wote watasikia, sauti humu haifichiki, inapanda kwenye kuba na kurudi, na Hajja Batul atajiuliza binti huyu ana ugonjwa gani wa kuogopa glavu, na mama atafedheheka mbele ya mtaa mzima, nisiposema ngozi itachubuka, kama ilivyochubuka majira ya baridi, nilipokuwa napaka dawa ya chunusi kila usiku nikidhani nitapona upesi, halafu Alhamisi nakuja kusuguliwa, nikawa nabanduka kama kitunguu, shangazi akaniongezea limau juu yake, Mungu amsamehe, nililia mpaka paka akatoka chumbani... Ni Siham wa duka la dawa aliyenitoa kwenye balaa lile, aliniinua uso kwenye mwanga wa mlangoni, akauliza, "Unapaka kila siku?" nikasema ndiyo, akasema, "Ngozi si zulia, binti, huwezi kulipiga kila siku utoe vumbi. Usiku mmoja dawa, usiku wa pili krimu hii nyeupe peke yake, isiyo na harufu. Ukiona bado inawaka, pumzika siku mbili." Nikamuuliza, na hamamu je? Akacheka, akasema, "Hamamu nenda, nani atakuzuia, lakini joto kidogo tu, na glavu isifike usoni." Nilimwelewa hapo hapo, sikuhitaji kurudiwa, kwa sababu mwalimu wa sayansi alituchorea ngozi ubaoni mwaka wangu ule wa mwisho shuleni, kabla bibi hajaanguka na ikabidi mtu abaki nyumbani kumgeuza na kumlisha, alichora matabaka kwa chaki za rangi, akasema lile la juu limekufa, la chini ndilo linalopanda polepole kuchukua nafasi, na mimi nikawaza, basi ukilikwangua la juu kila siku unalitoa la chini kabla halijawa tayari... Na ikawa kweli, usiku wa dawa, usiku wa krimu, uso ukatulia, nikaanza kulala ubavu wowote bila kuogopa mto. Mpaka jana. Jana baada ya magharibi nilikuwa nimechoka kwa kukanda mkate, nimeegemea ukuta, mama akasema, "Lete uso nikupake krimu yako," nikafumba macho, na kidole cha kwanza tu kilipogusa nikajua si krimu, ile dawa ina harufu yake, inachoma kando ya pua, ningeweza kusema mama, siyo hiyo, na sikusema, kwa sababu vidole vyake vilikuwa laini mno, vinakwenda taratibu kutoka puani mpaka sikioni, hajanigusa uso hivyo tangu bibi alale kitandani, mikono yake yote imekuwa ya bibi, na mimi nikamwachia uso nikaungua. "Usiku mmoja hautakuua," akasema alipomaliza, "kesho Hajja atakuwepo, nataka ung'ae." "Geuka upande huo, Fadwa, usilale usingizi, hapa si kwa mama yako!" Lalla Rkia anamwambia. Maji yanamwagwa, povu la sabuni nyeusi linapita miguuni mwangu, bado mgongo, bado mkono wa kushoto, Lalla Rkia hana haraka. Mama anajimwagia kata ya maji kichwani, anapangusa macho, na uso wake unabaki wazi kabisa, nauona kama ambavyo huwa siuoni nyumbani, yale mabaka ya kahawia juu ya mashavu ambayo asubuhi huyafunika kwa poda kabla hata ya kuchemsha chai, na nakumbuka alivyosema siku moja, kwa mzaha, kwamba kabla ya harusi yake walimpaka krimu ya kung'arisha kila siku, asubuhi na jioni, na glavu juu, na aliposema inawaka waliambiana, vizuri, inafanya kazi. Alikuwa na umri kama wangu. Hakuna mtu aliyeyaambia mashavu yale, leo pumzikeni. Basi ndiyo maana, si ukatili, anajua njia moja tu ya kumtayarisha binti, ileile iliyopita juu yake... na hasira niliyoingia nayo sijui imekwenda wapi, labda imetoka na jasho. "Umenyamaza nini?" ananiuliza chinichini. "Joto tu, mama." Ananisogezea ndoo yake, ile yenye maji ya uvuguvugu, bila kunitazama. Hajja Batul bado anatazama, na atazame, haya ni mashavu mekundu ya mtu anayetibiwa, siyo siri, nitamwambia Lalla Rkia kwa adabu, mgongo sugua utakavyo, mikono sugua, uso niachie, nitasema kwa sauti ya kawaida, na Hajja akiuliza kwa nini nitamjibu mimi mwenyewe, ili mama asihangaike kutafuta uongo, na glavu iko palepale kwenye bega la Fadwa, inapanda, inashuka, nami nakaa wima, sasa bila kuambiwa.