Mbio za Bibi Wawili

Alfajiri simu ilileta habari kwamba bintiye amejifungua mtoto wa kiume, na fundi cherehani akaruka kitandani kama aliyemwagiwa maji. Alicheka, akalia, kisha akashikwa na hofu. Wakwe walishakubaliana kwamba bibi atakayetangulia kumpakata mtoto ndiye atakayempa jina. Yeye alitaka kwa udi na uvumba aitwe jina la marehemu mumewe. Ila bibi walikuwa wawili, na mtoto alikuwa amezaliwa mji wa mbali.

Haukupita muda, bibi mwenzake, mama wa kijana aliyemwoa binti, akapiga simu.

"Mkwe, mimi napanda ndege ya mchana. Saa moja tu nimetua! Wewe na hiyo barabara yako ya saa nane, utamkuta anatambaa."

"Tangulia tu. Mwenda pole hajikwai," fundi akamjibu kwa madaha.

Akakata simu, akampigia kaka yake, dereva wa lori la vitunguu. "Kaka, njoo unichukue. Na leo usiende pole hata kidogo!"

Ndege hukata mawingu ikaenda zake, lakini barabara ile ilizunguka kila kilima kana kwamba ina undugu nacho. Fundi alikumbatia blanketi aliloshona kwa mkono wake, macho juu angani. Mchana mvua ikamwagika. Ujumbe wa mkwe ukaingia: ndege haitaruka mpaka mawingu yafunguke. Fundi akapiga kigelegele, nusura kaka aingize lori mtaroni.

"Dada, ukituua hutampakata mtu!"

Jioni, mji ukiwa tayari unaonekana, waliona teksi kando ya njia, boneti juu, na mwanamke amejifunika mkoba kichwani. Alikuwa mkwe. Ndege yake ilikuwa imetua salama, lakini safari ya kutoka uwanjani hadi mjini hakuihesabu.

"Nikanyage mafuta?" kaka akauliza.

Fundi alitamani kuitikia, alitamani mno. Lakini marehemu mumewe hakuwahi kumpita mtu aliyekwama njiani, na jina lake lisingeanza upya kwa kupita.

"Simama," akasema, huku akijikasirikia.

Wakabanana watatu kwenye kiti cha mbele.

"Saa moja tu, eti?" fundi akamchokoza.

"Nyamaza, mkwe," mwenzake akasema, na wote wakaangua kicheko.

Walipofika, mkwe, mwenye miguu mirefu, alikuwa wa kwanza mlangoni. Ghafla akasimama, akaficha mikono nyuma.

"Pita wewe, kabla sijabadili mawazo."

Fundi akampakata mjukuu, machozi yakimtiririka, akamwita kwa jina la babu yake. Mtoto akapiga chafya.

"Ameitika," akasema mkwe. "Haya, nipe na mimi."