Hedhi ya Uongo ya Tulasa

Kila sikukuu ya Dashain ikiisha, wanaume wa mtaa ule wa mlimani, kule Palpa, hupanda ndege kurudi kazini Uarabuni, na wake zao hubaki kuhesabu siku. Khagendra naye alikuja, akala mbuzi, akapakwa tika ya baraka kwenye paji la uso, akafanya aliyoyafanya, akaondoka huku akipunga mkono. Mkewe Tulasa alikuwa ameshaacha sindano ya uzazi wa mpango, maana mume akiwa Qatar sindano ya nini? Haya, kilichofuata hata mtoto angekitabiri.

Tulasa hakuitaka mimba ile. Alikuwa na mabinti wawili, na uzazi wa pili ulimtoa damu mpaka wakamfunika shuka wakidhani kwisha habari yake. Alijiapiza kwamba kule harudi. Lakini baba mkwe, mzee Homnath, kuhani wa mtaa, alitaka mjukuu wa kiume, basi. Angeinusa habari angempigia Khagendra simu kabla chai haijapoa, na wanaume hao wawili wangejadili tumbo la Tulasa kama wanaojadili nyati wa kuuza.

Na katika nyumba ile hakifichiki kitu. Mwanamke akiwa mwezini hatii mguu jikoni siku nne, hagusi mtungi wa maji wala rafu ya miungu. Kwa hiyo kila mwezi Tulasa huhamia barazani, na mama mkwe, Nandakala, ndiye hupika. Tatizo ni kwamba Nandakala hajui kupika. Dengu zake ni maji ya kuoshea vyombo yaliyotiwa manjano. Mwezi ukipita bila dengu zile, nyumba nzima inajua kuna jambo.

Damu ilipochelewa, Tulasa alikwenda duka la dawa akaomba kidonge cha dharura, akakimeza palepale mbele ya kaunta. Aliamini kinasafisha tumbo. Hakikusafisha chochote. Mzee Homnath akaanza kusema kila akila kwamba mwezi huu wamekula vizuri kweli, na Nandakala akaanza kumwangalia mkaza mwana kiunoni.

Tulasa akaona awapige chenga. Asubuhi moja akatangaza kwamba yuko mwezini, akahamia barazani na mkeka wake, akafua vitambaa visivyo na hata doa na kuvianika pale wanapopita majirani. Nyumba ikala dengu za Nandakala, na mzee Homnath akanywea kama aliyefiwa. Tulasa alijiona mjanja kweli. Tena alijipa moyo kwamba kidonge kinakuja polepole, na uongo wake utageuka kuwa kweli kabla siku hazijaisha. Wapi! Siku zikaisha, akaoga, akarudi jikoni, na harufu ya samli ikamkimbiza nyuma ya zizi kutapika.

Ndipo aliposhuka kwenye kituo cha afya cha serikali. Sista Phulmaya, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alimsikiliza, kisha akamuuliza kidonge alikimeza lini. Alipojibiwa akashika kichwa.

"Bibie, mvua imenyesha, umelowa, umefika nyumbani, ndiyo unafungua mwavuli?" alisema. "Kidonge kile ni cha kuzuia mimba isitunge. Unakimeza mara tu baada ya lile tendo, ndani ya siku tatu hivi, na mapema ndiyo bora. Kinachelewesha yai kutoka. Mimba ikishatunga hakiitoi wala hakiidhuru. Hapo umekula pipi. Na hao waume wenu wa Dashain, wangeleta kondomu badala ya televisheni, mie ningekuwa nalala mchana."

Tulasa akauliza kama ipo ya kuitoa. Sista akafunga mlango, na sauti ikashuka. Alimuuliza hedhi ya mwisho, ile ya kweli, akampima, akamuuliza kama kuna anayemlazimisha. Kisha akamweleza kwamba hiyo ni dawa nyingine kabisa, na ni ya aina mbili. Ya kwanza angeimeza hapohapo, nayo huifanya mimba isiendelee kukua. Ya pili angeiweka chini ya ulimi kesho yake nyumbani, nayo hulibana tumbo la uzazi mpaka litoe kilichomo. Maumivu yangekuwepo, na damu nyingi kuliko ya kawaida, hata mabonge. Ila akiona analowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, au homa haishuki, arudi mbio bila kuona haya. Sheria inaruhusu kuitoa mimba ikiwa changa, na sahihi inayotakiwa ni yake, si ya mume. Tulasa aliuliza mara tatu kama mama mkwe ataambiwa. Sista akamjibu kwamba ana mdomo mpana, lakini si kwa mambo ya watu. Tulasa akatia sahihi, akameza ile ya kwanza.

Akiwa njiani kupanda mlima, ndipo lilipomjia: siku zake za mwezi ule alikuwa ameshazitumia. Angewezaje kuingia mwezini tena wiki mbili baadaye? Na kesho ilikuwa kumbukumbu ya marehemu mama wa mzee Homnath, siku ambayo chakula cha wafu hupikwa kwa mikono safi kuliko siku zote. Alikaa juu ya jiwe akalia kwa hasira, akijitukana mwenyewe.

Kesho yake akaweka dawa chini ya ulimi, akawasha moto. Wali ulipoiva, yeye alikuwa amekumbatia nguzo ya jiko, jasho likimtiririka. Nandakala akaingia kuchukua maji, akasimama.

"Tumbo?" aliuliza.

Tulasa alikuwa amechoka kudanganya. "Nilikuwa na mimba, mama. Nimemeza dawa ya kuitoa, na damu imeanza. Zile siku nne zilikuwa za uongo."

Nandakala aliangalia moto, akaangalia chungu, akaangalia rafu ya miungu. Uso ulimvimba, na Tulasa akaogopa hasa.

"Nilitaka mjukuu wa kiume," Nandakala alisema kwa sauti ya chini. "Nimekasirika, sikufichi. Ukipona nitakutukana wiki nzima. Sasa toka hapo ukalale."

"Na wali, mama? Nimeushika mimi."

"Umeiva, mie simwagi wali. Marehemu alinitesa mpaka siku ya kufa. Leo atakula anachopewa."

Kutoka kitandani Tulasa alimsikia akimwambia mzee kwamba mkaza mwana anaharisha, na kwamba chakula chote kapika yeye Nandakala. Mzee Homnath akaguna kwa kumhurumia mama yake. Baadaye alisikika akiomba aongezewe wali.

Wageni wa kumbukumbu walipoondoka, Nandakala aliingia na chupa ya maji ya moto. Hakuiacha mlangoni kama desturi inavyotaka, kwamba mwenye damu asiguswe. Aliketi kitandani, akambandikia tumboni kwa mkono wake mwenyewe. Akataka kujua damu ni kiasi gani, na sista alisema nini juu ya pedi, akamfanya arudie.

"Enzi zetu hapakuwa na sista," alisema. "Kulikuwa na mizizi, na ukijulikana, jela. Nilikuwa na wawili, wa tatu sikumtaka hata kidogo. Nikanywa mizizi, nikatapika nyongo, kidogo nife. Yeye wala hakutikisika."

"Nani, mama?"

"Si huyo mumeo."

Tulasa aliangua kicheko, tumbo likamkata, akacheka huku analia. Nandakala akaisogeza chupa pale panapouma.

"Cheka tu. Nampenda kuliko wote, mwanangu yule," alisema. "Lakini ningalipenda na mimi niulizwe."